IBN AL-HAYTHAM: MWANACHUONI ALIYEPIMA KABLA YA KUANDIKA

Bismillahir Rahmanir Rahim

Sifa njema zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake wote.

Katika ukurasa huu wa maisha ya wanavyuoni, safari hii tunawaletea habari za Ibn al-Haytham, bingwa wa elimu ya mwanga, aliyeishi yapata miaka elfu moja iliyopita.

Tumemchagua kwa sababu maalumu. Wengi wa wanafunzi wetu asubuhi wako skuli za sekondari na jioni wako hapa chuoni. Wale wanaosoma fizikia wanatakiwa wafanye majaribio ya vitendo, na mtihani wa vitendo una karatasi yake peke yake katika mtihani wa taifa. Katika majaribio hayo umeingia mtindo mbaya. Mwanafunzi anafungua kitabu, anatazama jibu linalotakiwa, kisha anarudi nyuma kujaza jedwali la vipimo ili liafikiane na jibu hilo. Wenyewe huita kupika matokeo. Pini hazikuchomwa, kipimapembe hakikuguswa, lakini jedwali limejaa na linapendeza kwa macho.

Wapo wanaofanya hivyo kwa uvivu. Wapo wanaofanya hivyo kwa sababu vifaa ni vichache na wanafunzi wamezunguka meza moja mpaka wa nyuma haoni kitu. Na wapo, nao ni wengi, ambao wamefanya kazi yao vizuri, lakini walichokipata hakikulingana na kitabu, wakaingiwa na khofu na kukifuta. Kwa hawa wa mwisho hasa, maisha ya Ibn al-Haytham yana mazingatio makubwa.

KUZALIWA KWAKE NA ZAMA ZAKE

Jina lake ni Abu Ali al-Hasan bin al-Hasan bin al-Haytham. Alizaliwa katika mji wa Basra, kusini mwa Iraq, takriban mwaka 354 Hijria, sawa na mwaka 965 Miladia. Wazungu walilitohoa jina lake la al-Hasan wakamwita Alhazen, na kwa jina hilo anatajwa katika vitabu vyao vingi.

Basra si mji mgeni kwetu. Wazee wetu wa mwambao waliujua kwa tende zilizoletwa na majahazi ya msimu wa kaskazi, na wanafunzi wa nahau wanaujua kwa wanavyuoni wake wa lugha ya Kiarabu. Ni mji wa bandari, watu wa kila namna wakipita, na elimu nayo ikipita pamoja nao.

Alipozaliwa, kazi kubwa ya kufasiri vitabu vya Wagiriki kwa Kiarabu ilikuwa imekwishafanyika Baghdad katika karne iliyotangulia. Kwa hiyo kijana wa Basra aliyetaka kusoma hesabu aliweza kumsoma Euclid, aliyetaka elimu ya nyota aliweza kumsoma Batlamyus, na aliyetaka utabibu aliweza kumsoma Jalinus. Ibn al-Haytham aliwasoma wote hao kwa bidii. Lakini hakusoma kama mtu anayekariri. Alipokuta wakubwa wawili wanakhitilafiana, alitaka kujua nani kati yao ana dalili, na dalili yenyewe inapatikana vipi.

SAFARI YA MISRI NA KAZI ISIYOWEZEKANA

Habari za safari yake ya Misri zinatoka kwa mwandishi wa tarekhe Ibn al-Qifti, aliyefariki mwaka 646 Hijria (1248 Miladia). Anasimulia kwamba Ibn al-Haytham, akiwa bado Iraq, alisema kuwa lau angekuwa Misri angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile, ili yawanufaishe watu wakati wa mafuriko na wakati wa uchache. Maneno hayo yalimfikia mtawala wa Misri, al-Hakim bi-Amrillah, wa ukoo wa Fatimiyya, ambaye alipenda elimu na alikuwa amefungua Darul Ilm mjini Cairo mwaka 395 Hijria (1005 Miladia). Mtawala huyo akampelekea mali na kumwita. Alipowasili, mwenyewe alitoka nje ya mji kwenda kumlaki.

Ibn al-Haytham akapewa mafundi na kila alichohitaji, wakaufuata mto kuelekea kusini mpaka karibu na Aswan, mahali paitwapo al-Janadil, ambapo maji yanateremka kwenye miamba. Njiani aliyaona majengo ya Wamisri wa kale, yaliyojengwa kwa ustadi na kwa hesabu isiyokosea. Akajiuliza: watu hawa waliokuwa na elimu ya namna hii, kama kuuzuia mto kulikuwa kunawezekana, mbona hawakufanya? Alipofika mahali penyewe akapatazama na kupapima, akaona kuwa alichokidhania akiwa mbali hakilingani na anachokiona kwa macho yake.

Hapa, ndugu mwanafunzi, tusimame kidogo. Huyu alikuwa amepokea mali ya mtawala, na mtawala mwenyewe alikuwa mkali, watu wakimwogopa kwa maamuzi yake yasiyotabirika. Ibn al-Haytham angeweza kubaki Aswan mwaka hata miaka, akisema kuwa kazi inaendelea. Angeweza kuandika ripoti ya kupendeza na kuwatupia lawama mafundi. Hakufanya hivyo. Alirudi Cairo akakiri kwamba kazi ile haiwezekani, na kwamba alichokisema hakikuwa sahihi.

Fikra yenyewe haikuwa ya kijinga. Boma la kwanza la Aswan lilimalizika mwaka 1902, na lile kubwa likamalizika mwaka 1970, zaidi ya miaka 900 baada yake. Maji ya mto ule, ambayo sehemu yake inatoka huku kwetu katika Ziwa Victoria, yalizuiwa hatimaye kwa saruji, chuma na mashine ambazo zama zake hazikuwa nazo.

Ibn al-Qifti anaendelea kusimulia kuwa mtawala alimpa kazi ya serikali, naye akaikubali kwa khofu. Kisha, ili asalimike, akajifanya amerukwa na akili, akawekwa ndani ya nyumba yake mpaka al-Hakim alipofariki mwaka 411 Hijria (1021 Miladia). Baadhi ya wanahistoria wa leo wanaitilia shaka sehemu hii ya kisa, kwa kuwa iliandikwa miaka mingi baadaye. Lakini wote wanakubaliana kuwa aliishi Cairo, na kwamba huko ndiko alikoandika kazi zake kubwa.

KUISHI KWA KALAMU YAKE

Baada ya hapo alihamia kwenye chumba cha kuba mlangoni mwa msikiti wa al-Azhar, akafundisha na kuandika. Riziki yake aliipata kwa kunakili vitabu kwa mkono, kwa kuwa mitambo ya kuchapa haikuwapo. Inasimuliwa kuwa kila mwaka alinakili vitabu maalumu vya hesabu na nyota, kikiwamo cha Euclid na cha Batlamyus, akaviuza kwa dinari 150 za Kimisri, na hizo zikamtosha kwa mwaka mzima. Hakutaka zaidi.

Vitabu na risala zinazonasibishwa kwake ni zaidi ya 90, nyingine za hesabu, nyingine za nyota, nyingine za mwanga. Kilicho mashuhuri kupita vyote ni Kitab al-Manazir, yaani kitabu cha mambo ya kuona, chenye sehemu saba. Hicho ndicho kinachotuhusu leo.

TUNAONAJE?

Kabla yake kulikuwa na khitilafu kubwa juu ya namna jicho linavyoona. Euclid na Batlamyus walisema kwamba jicho linatoa miale yake lenyewe, ikaenda kukigusa kitu mfano wa mtu anayepapasa kwa fimbo gizani. Wengine, akiwamo Aristu, walisema kuwa kuna kitu kinachotoka kwenye vitu kuingia jichoni. Kila upande ulikuwa na hoja, na mabishano yakaendelea kwa karne nyingi.

Ibn al-Haytham alianza na mambo ambayo kila mtu anaweza kuyahakikisha. Mtu akilikazia macho jua, macho yanauma. Mtu akitazama kitu chenye mwanga mkali kisha akayaelekeza macho gizani, sura ya kile kitu inabaki kwa muda machoni. Mambo hayo yanaonesha kuwa mwanga ndio unaoingia jichoni na kuliathiri. Kisha akaeleza kuwa mwanga unatoka kwenye kila nukta ya kitu kinachong'ara au kilichomulikwa, unakwenda kila upande kwa mstari ulionyooka, na unaofika jichoni ndio unaotuwezesha kuona.

Lakini hakutosheka na maelezo. Kila dai alilifanyia jaribio, na kila jaribio aliliandika hatua kwa hatua, ili msomaji naye aweze kulifanya. Tutayataja matatu, kwa sababu mnayakuta maabara hadi leo.

JARIBIO LA TAA NA TUNDU

Aliweka taa kadhaa mahali mbalimbali, zote zikielekea tundu moja linaloingia kwenye chumba chenye giza. Ndani ya chumba, kwenye ukuta wa mbele, yakaonekana madoa ya mwanga, idadi yake sawa na idadi ya taa. Akaiziba taa moja: doa lake moja likatoweka, mengine yakabaki kama yalivyo. Akaifunua: doa likarudi mahali pake palepale.

Jaribio hili ni jepesi, lakini linathibitisha mambo mawili kwa mpigo. Kwanza, mwanga unakwenda kwa mstari ulionyooka, kwa kuwa kila doa liko sawa na taa yake na tundu. Pili, mianga ya taa mbalimbali inapita katika tundu moja bila ya kuvurugana. Kwa njia nyingine alitumia rula na bomba lililonyooka, akatazama kitu kupitia bombani, kisha akaziba sehemu ya mdomo wa bomba, na sehemu ya kitu inayoelekeana na palipozibwa ikafichika. Mwanafunzi wa leo anayepanga kadi tatu zenye matundu mbele ya mshumaa anapita njia hiyohiyo.

JARIBIO LA VIOO

Kanuni ya kwamba mwanga unaakisiwa kwa pembe iliyo sawa na ile ulioingilia ilijulikana tangu zama za Wagiriki. Ibn al-Haytham angeweza kuinakili akapita. Badala yake alieleza namna ya kutengeneza chombo cha shaba chenye vipimo kamili, pamoja na vioo saba vya chuma kilichong'arishwa: kimoja bapa, viwili vya umbo la tufe, viwili vya umbo la mcheduara na viwili vya umbo la pia, katika kila jozi kimoja kikiwa kimebinuka nje na kimoja kimebonyea ndani. Akaijaribu kanuni ile kwenye kila kioo. Kwa nini saba? Kwa sababu jambo likithibiti kwenye kioo bapa tu, huwezi kuapa kuwa limethibiti kwenye vioo vyote.

JARIBIO LA MAJI

Mwanga unapotoka hewani kuingia majini unapinda. Ndiyo maana kijiti kilichotumbukizwa majini kinaonekana kama kimevunjika. Kulichunguza hilo alielekeza itengenezwe sahani nene ya shaba, ya mviringo, upana wake usipungue dhiraa moja, yenye ukingo uliosimama na kugawanywa kwa nyuzi 360. Sahani inatumbukizwa majini, mwanga wa jua unapitishwa kwenye matundu madogo, na mahali unapoangukia panasomwa kwenye ukingo. Alieleza hata namna ya kuhakikisha kuwa chombo chenyewe kimekaa sawa kabla ya kuanza kupima.

Hilo ndilo jaribio la kipande cha kioo cha mstatili na pini nne. Mnachora mstari, mnachoma pini mbili upande huu, mnatazama kupitia kioo, mnachoma mbili upande wa pili, kisha mnapima pembe. Vifaa vimebadilika tu.

JEDWALI LA BATLAMYUS

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kila mpika matokeo anapaswa kulijua. Batlamyus wa Iskandariya, katika karne ya pili Miladia, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupima kupinda kwa mwanga majini. Aliacha jedwali. Hapa chini tunaliandika pamoja na pembe zinazopatikana kwa hesabu ya leo.

Hewani 10: Batlamyus 8; hesabu ya leo 7.5
Hewani 20: Batlamyus 15.5, hesabu ya leo 14.9
Hewani 30: Batlamyus 22.5, hesabu ya leo 22.0
Hewani 40: Batlamyus 29; hesabu ya leo 28.8
Hewani 50: Batlamyus 35, hesabu ya leo 35.1
Hewani 60: Batlamyus 40.5, hesabu ya leo 40.5
Hewani 70: Batlamyus 45.5, hesabu ya leo 44.8
Hewani 80: Batlamyus 50, hesabu ya leo 47.6

Tazameni safu yake vizuri. Kutoka 8 mpaka 15.5 ni ongezeko la 7.5. Linalofuata ni 7, kisha 6.5, kisha 6, kisha 5.5, kisha 5, kisha 4.5. Kila ongezeko limepungua kwa nusu nyuzi, bila ya kukosea hata mara moja. Vipimo halisi vya mkono wa binadamu haviji hivyo. Wanahistoria wa sayansi wanaona kuwa Batlamyus alipima baadhi ya pembe, akaona mpango unaopendeza, kisha akazilazimisha namba zote zifuate mpango huo. Katikati ya jedwali hana kosa kubwa. Mwishoni, kwenye nyuzi 80, amekosea kwa zaidi ya nyuzi 2. Kama angeandika alichokiona, huenda waliokuja baada yake wangeigundua kanuni ya kweli mapema. Jedwali lililopambwa liliwaficha njia.

Ibn al-Haytham alimheshimu Batlamyus na kufaidika naye sana. Pamoja na hayo alimwandikia kitabu kizima cha kuonesha mashaka yaliyomo katika kazi zake, kikiwamo kitabu chake cha mambo ya kuona. Humo alieleza kuwa mwenye kuitafuta haki haitoshi kuwadhania vyema waliotangulia na kuyapokea yote waliyoandika, kwa kuwa wanavyuoni hawakukingwa na makosa. Wajibu wake ni kudai hoja na dalili. Na akaongeza jambo zito zaidi: mtu huyo anapofanya uchunguzi, ajitilie shaka na nafsi yake mwenyewe, asije akaelemea upande kwa chuki wala kwa mapenzi.

NENO ITIBARI

Neno alilolitumia Ibn al-Haytham kwa maana ya jaribio ni i'tibar, na anayelifanya alimwita mu'tabir. Neno hilo tunalo katika Kiswahili chetu. Mtu wa kuaminika tunasema ana itibari. Na kutoka mzizi huohuo tuna neno ibra, yaani funzo analolipata mtu kwa kutazama na kuzingatia. Katika Suratul Hashr, aya ya pili, wenye macho wanaamrishwa kuzingatia, na kitenzi kilichotumika ni cha mzizi huo.

Kwa hiyo jaribio ni kukitazama kitu kwa makini mpaka kikupe funzo, na anayelifanya awe mtu wa kuaminiwa. Jedwali la vipimo ni ushahidi. Mwanafunzi anapoandika kuwa pembe ilikuwa nyuzi 22, anashuhudia kwamba aliiona nyuzi 22. Kama hakuiona, ameshuhudia asilolijua, hata kama namba yenyewe ni sahihi. Sisi tunaosoma elimu ya hadithi tunajua jinsi wanavyuoni wetu walivyomkataa mpokezi aliyethibitika kusema uongo, hata kama maneno aliyoyaleta yalikuwa mazuri.

ALIPOKOSEA NAYE

Tusidhani kuwa Ibn al-Haytham hakukosea. Aliamini kuwa kuona kunaanzia kwenye sehemu ya jicho ambayo leo tunaiita lenzi. Ilikuwa mpaka mwaka 1604 ndipo Johannes Kepler alipoonesha kuwa sura ya kitu inajichora kwenye retina, nyuma ya jicho. Pia hakuifikia kanuni kamili ya kupinda kwa mwanga, ingawa Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameitumia katika kazi yake ya lenzi miaka michache kabla, na Ulaya ikaja kuipata kwa Snell mwaka 1621.

Lakini kwa sababu aliandika alivyofanya, makosa yake yaliweza kuonekana na kusahihishwa. Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki takriban mwaka 1319, alikishereheshea Kitab al-Manazir, akayarudia majaribio na kuongeza yake. Alichukua tufe la kioo lililojaa maji, akalifanya mfano wa tone la mvua, na kwa njia hiyo akaeleza namna upinde wa mvua unavyotokea. Mwalimu mzuri humwachia mwanafunzi mlango wa kumsahihisha.

KUFARIKI KWAKE NA ATHARI ZAKE

Ibn al-Haytham alifariki Cairo takriban mwaka 432 Hijria (1040 Miladia), akiwa na umri wa zaidi ya miaka sabini. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Kitabu chake kilifasiriwa kwa Kilatini, kikasomwa na Roger Bacon, Witelo na wengineo, na mwaka 1572 kikachapishwa mjini Basel. Kepler naye alikisoma. Shimo moja katika uso wa mwezi limepewa jina lake, na mwaka 2015, uliotangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa mwaka wa mwanga, miaka elfu moja ya kazi yake iliadhimishwa. Wapo wanaomwita mwanasayansi wa kwanza. Sisi hatuna haja ya kutia chumvi, maana Wagiriki walijaribu kabla yake na wengine baada yake. Inamtosha sifa kwamba aliufanya upimaji kuwa sharti la kuaminiwa.

MAFUNZO TUNAYOYAPATA

1. Andika ulichokiona. Ukipima pendula ya uzi wa sentimita 50, mizunguko 20 inatakiwa ichukue kama sekunde 28.4. Ukipata 28.7 kwa sababu kidole kilichelewa kwenye saa, hesabu itakupa mvuto wa 9.6 badala ya 9.8. Iandike 9.6, kisha eleza sababu. Hiyo ndiyo fizikia.

2. Rudia kipimo. Pima mara tatu, chukua wastani. Kipimo kimoja kinaweza kukudanganya.

3. Jibu lisilotarajiwa si aibu. Aliyerudi kutoka Aswan na kusema haiwezekani alikuwa katika hatari kubwa kuliko ya kukosa alama mbili.

4. Waheshimu walimu na vitabu, lakini dai dalili kwa adabu. Kuuliza si utovu wa heshima.

5. Uchache wa vifaa usiwe kisingizio. Mlio karibu na meza wapisheni wenzenu walio nyuma nao washike pini kwa mikono yao. Na wazazi, mkiombwa na watoto wenu kijiboksi, uzi au kioo kidogo, msiwaone wanacheza.

JARIBIO LA KUFANYA NYUMBANI

Chukua boksi tupu lenye urefu wa sentimita 20. Upande mmoja toboa tundu dogo kwa pini. Upande wa pili ukate, na uubandike karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kupikia ili ipitishe mwanga. Simama ndani ya chumba, jifunike shuka kichwani pamoja na upande wa karatasi, na uelekeze tundu kwenye dirisha lenye mwanga. Utaona sura ya dirisha imepinduka juu chini. Dirisha likiwa na kimo cha sentimita 100, nawe uko umbali wa sentimita 400, sura itakuwa na kimo cha sentimita 5 hivi. Ipime kwa rula. Ukipata 4.7 andika 4.7, na ujiulize kwa nini. Tahadhari: usilielekeze jicho lako kwenye jua hata kidogo, kwa tundu wala bila ya tundu.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atujaalie macho yenye kuzingatia na ndimi zenye kusema kweli, na awafanikishe wanafunzi wetu katika mitihani yao ya dunia na akhera. Amin.

Wabillahi tawfiq.